Tairi Huru Ni Uhuru wa Nani?

Wanaotaka kila dereva aje na tairi analolitaka wanaliita jambo hilo uhuru. Mimi naliita mnada. Katika mbio za magari za watu wa kawaida, kanuni ya kwanza kuandikwa inapaswa kuwa ya tairi na rimu, tena iandikwe kwa ukali, kabla hatujagusa injini, tabo wala ekzosi. Ikiachwa wazi, mashindano yanageuka kuwa ya kuhesabu pochi.

Nasema haya kwa sababu sisi vijana wachache wa Chang'ombe, hapa Dodoma, tunaandika kanuni za daraja la wanaoanza autokrosi. Kwa asiyeujua mchezo huu: njia fupi yenye kona nyingi huchorwa kwenye uwanja wa wazi, na dereva hushindana na saa. Marekani huchezwa zaidi juu ya lami, kwa kuzunguka koni. Kenya, ambako kuna ubingwa wa taifa wa autokrosi, huchezwa juu ya udongo, na magari hutengwa kwa madaraja: ya kuendeshwa na magurudumu mawili na ya magurudumu manne, yenye tabo na yasiyo nayo. Sisi tumechagua udongo. Dodoma hatuna shida ya udongo: mvua zetu ni za Desemba hadi Aprili, miezi iliyobaki ni vumbi.

Rasimu ilikwenda vizuri mpaka tulipofika kwenye kifungu cha tairi. Hapo kaka mmoja mwenye Subaru akaniambia, "Mdogo wangu, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama." Wenzangu wakacheka, na wengine wakamuunga mkono. Kwa kuwa methali hushinda mabishano ya barazani bila kutoa sababu, nimeona nijibu kwa maandishi.

Kwanza, kisu hicho kinauzwa dukani. Gari zima linagusa ardhi kwa viraka vinne vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja cha mkono. Kuondoka, kufunga breki na kukata kona, yote hupitia hapo. Kwenye njia fupi injini kubwa haipati nafasi ya kujitanua, lakini tairi liko kazini kila sekunde. Ndiyo maana mtu anayetaka kununua sekunde huanza na tairi. Juu ya lami atanunua mpira laini, ambao hushika sana na kuisha upesi. Juu ya udongo atanunua matairi ya kashata ndefu za mashindano, yanayochimba mpaka kwenye ardhi ngumu. Tena yakishachimba huacha mifereji, na mwenye gari dogo anayefuata ndiye anayeitumbukia. Huo uhuru unamgharimu mtu mwingine.

Pili, rimu. Mjini kwetu rimu kubwa ni heshima, na vijana wengi wanaamini ni mwendo pia. Tufanye hesabu. Tairi la 175/65R14 lina upana wa milimita 175, ubavu ni asilimia 65 ya upana huo, yaani karibu milimita 114, na rimu ni ya inchi 14. Kimo chake chote ni kama milimita 583. Ukiweka 195/45R16, kimo kinabaki karibu kilekile, milimita 582, lakini ubavu umeshuka hadi 88. Umepoteza milimita 26 za mpira na upepo kati ya chuma na jiwe. Juu ya lami safi, ubavu mfupi huitikia usukani haraka. Kwenye ardhi ya mawe, ubavu ndio godoro la rimu. Ukiupunguza, rimu inapinda na tairi linachanika. Na ukiongeza kimo chote cha gurudumu, ni kama umeongeza urefu wa gia: gari linakuwa zito kuondoka, na spidomita inasoma chini ya mwendo halisi.

Wanaopinga wana hoja moja nzito: kanuni hudanganywa. Kweli. Marekani, klabu ya Sports Car Club of America ina daraja liitwalo Street. Humo upana wa rimu hubaki kama ulivyotoka kiwandani, kipenyo kinaruhusiwa kupanda au kushuka inchi moja, na tairi lazima liwe na namba ya uchakavu isiyopungua 200. Namba hiyo imeandikwa ubavuni. Hulinganisha uchakavu wa tairi na tairi la kipimo lenye 100. Shida ni kwamba mtengenezaji mwenyewe ndiye anayeitoa. Matokeo yake, yakaja matairi yenye 200 ubavuni lakini yanashika karibu kama ya mashindano. Ninachojifunza hapo ni kwamba kanuni isiegemee ahadi ya kiwanda. Iegemee kitu ambacho fundi pancha yeyote anaweza kukikagua kwa macho na futi.

Wanaosema kubana tairi ni mawazo ya maskini watazame juu. Formula 1 hutumia matairi ya kampuni moja, Pirelli, tangu 2011. Ubingwa wa dunia wa rali, ambao Safari ya Kenya ilirejeshwa humo mwaka 2021, ulitumia Pirelli kwa magari ya juu hadi 2024, kisha Hankook kuanzia 2025. Hao wana fedha, na bado hawakuachiana tairi huru. Na tutazame nyuma: Safari yenyewe ilipoanza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, magari yaligawanywa kwa bei yake dukani. Walioandika kanuni zile walikubali mapema kwamba fedha ni sehemu ya mbio, wakaiwekea ukuta. Kwa hiyo ninachodai kina mizizi hapahapa kwetu.

Kifungu changu ni hiki. Rimu iwe na upana wa kiwandani, na kipenyo kisizidi cha kiwandani. Tairi liwe la barabarani, lisiwe la mashindano wala lililochongwa. Kila gari liwe na seti moja kwa msimu, ipigwe alama ya rangi siku ya kwanza. Likipasuka moja, litabadilishwa kwa lingine la aina ileile. Na tuazime kanuni ya mbio za udongo za Marekani, ambako katika baadhi ya madaraja aliyeshindwa anaweza kudai kuinunua injini ya mshindi kwa bei iliyowekwa. Sisi tuifanye kwa matairi: mshindi akidaiwa, auze seti yake kwa bei tuliyokubaliana. Anayeleta tairi la bei kubwa atajua anaweza kurudi nyumbani bila hilo.

Kuna sharti jingine, na hili litawauma walewale ninaowatetea. Tarakimu nne za mwisho wa msimbo wa DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Nataka tairi lisizidi miaka sita. Matairi mengi ya mtumba yatakataliwa, nami najua nani huyanunua. Lakini mpira huzeeka na kupasuka hata ukikaa stoo, na kwenye kamba watasimama watoto wa mtaani kwetu. Seti moja kwa msimu ndiyo inayoufanya ugharama huo ubebeke.

Kipimo changu cha kanuni nzuri ni kimoja. Dereva mwenye Vitz ya kubeba abiria ashindane Jumapili, na Jumatatu alfajiri arudi kazini kwa matairi yaleyale. Asipoweza, daraja hilo si la wanaoanza, hata tuliite hivyo. Kaka yangu mwenye Subaru hatufukuzi. Tutaandika na daraja la wazi, huko aje na kisu chochote atakachonunua.