Vidole vya Miguu Haviuzwi Mitumbani

MTOTO wa chuo anaporudi nyumbani na kutangaza kwamba amejiunga na chama cha wapanda milima, mzazi huanza kupiga hesabu ya nauli na chakula. Viatu havimjii akilini, kwani si kijana ana viatu? Naam, anavyo. Na kama safari ni ya Point Lenana, mita 4,985, huenda vikamtosha: viatu imara vya kutembelea milimani, vikavu, vyenye soli ya meno, pamoja na soksi za sufu. Asije mtu akakuuzia viatu vya bei ya ng'ombe kwa ajili ya safari hiyo.

Mambo hubadilika kijana akianza kuzungumzia Batian, mita 5,199, hasa akitaja ile njia ya barafu iitwayo Diamond Couloir, ambayo Phil Snyder na Thumbi Mathenge walikuwa wa kwanza kuipanda mwaka 1973. Njia hiyo iko upande wa kusini, na huwindwa zaidi miezi ya katikati ya mwaka, jua likiwa limehamia kaskazini na kuuacha upande huo kivulini. Huko mtu hatembei. Hupigilia ncha za vyuma kwenye barafu na kusimama juu ya vidole vya miguu saa nzima, akimsubiri mwenzake aliye kwenye kamba.

Ni kweli barafu ya Mlima Kenya imepungua mno. Lewis, mto wa barafu ulio mkubwa kuliko yote mlimani humo, ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010. Lakini iliyobaki haina huruma kwa kuwa ni kidogo. Tena Wakenya sasa wanakwenda mbali: James Kagambi alifika kilele cha Everest mwezi Mei 2022 akiwa na umri wa miaka 62.

Sasa sikiliza, ndugu msomaji. Kiatu hakina joto. Joto ni la damu yako, na kazi ya kiatu ni kulizuia lisitoroke. Kinacholizuia ni hewa iliyotulia ndani ya nyuzi nyepesi. Viatu vya msafara wa Everest wa mwaka 1953 vilijazwa usufi, huu huu tunaojaza kwenye mito ya kulalia! Siku hizi hutumiwa nyuzi za viwandani, ila ujanja ni ule ule.

Mwili ukishikwa na baridi huondoa damu miguuni na mikononi ili kuulinda moyo na ubongo. Kwa hivyo kiatu kinachobana hutenda makosa mawili kwa mpigo: huifinya hewa na huifinya damu. Anayevaa soksi tatu ndani ya kiatu kilichomkaa sawasawa kwa soksi moja anajiganda mwenyewe.

Mwaka 1950 Wafaransa Maurice Herzog na Louis Lachenal walifika kilele cha Annapurna wakiwa na viatu vya ngozi. Wakati wa kushuka, miguu ya Lachenal ilikuwa imevimba hata haiingii viatuni. Mwenzao Lionel Terray akampa vyake vilivyokuwa vikubwa zaidi, naye akavichana vile vidogo ili apate kuvivaa. Lachenal alikatwa vidole vyote vya miguu.

Basi nenda dukani alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi zile zile utakazopandia. Funga kamba, kisha piga ukuta teke kwa ncha ya kiatu, mara kumi, bila haya. Vidole vikigonga mbele, kirudishe. Panda ngazi, kisigino kikinyanyuka ndani, kirudishe pia. Vidole viwe na nafasi ya kuchezacheza. Muuzaji akikuambia kitalegea kadiri unavyokivaa, mshukuru uondoke, maana viatu hivi ni vigumu na havilegei kama vya ofisini.

Ugumu huo una sababu yake. Kramponi, yale meno ya chuma yanayofungwa chini ya kiatu, huhitaji soli isiyopinda. Zile za kupandia kuta za barafu hushika ukingo ulioko mbele na nyuma ya kiatu. Kiatu kisicho na kingo hizo hakifai, hata kiwe na joto kama jiko la makaa. Beba kramponi zako dukani uzijaribishe hapo hapo.

Kuna viatu vya tabaka moja, ambavyo kitambaa cha kuzuia baridi kimeshonewa ndani, na kuna viatu viwili kwa kimoja, cha ndani kikiwa laini na chenye kutoka. Kwa barafu ya siku moja, tabaka moja hutosha na ni jepesi. Kwa safari ya kulala barafuni usiku mwingi, au milima inayopita mita 6,000, mimi nachagua vya pili bila kubishana. Jasho la mchana hulowesha kiatu. Cha ndani ukikitoa unalala nacho kwenye mfuko wa kulalia, asubuhi kiko kikavu. Cha tabaka moja utakikuta kimekuwa gogo.

Wanaokwenda kuvitafuta Gikomba au Toi nawaelewa, kwani bei ya dukani inatisha. Lakini kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Soli nyingi zina sponji ya plastiki ambayo huoza kwa umri, hata kama kiatu hakijawahi kuvaliwa. Kipinde, kibonyeze kwa kidole gumba. Ukiona nyufa au unga unapukutika, kiache. Afadhali kukodi kizima kuliko soli ikubanduke ukiwa katikati ya ukuta.

Na huko juu, kidole kikiuma kwa baridi kisha maumivu yakakoma ghafla, hiyo si nafuu. Legeza kamba, uweke unyayo kwenye tumbo la mwenzako chini ya sweta. Usiusugue kwa theluji. Kidole kikiwa kimekuwa cheupe na kigumu, anza kushuka kuelekea hospitali, na usikiyeyushe njiani iwapo kitaganda tena, maana madhara yatakuwa makubwa kuliko ya mara ya kwanza.