Mchango nimekosa, ukuta nimepamba!

Leo sina umbea wa mtu. Umbea wa leo ni wangu mwenyewe, na nakuomba usicheke mpaka mwisho.

Mkazi yeyote wa mjini anaijua kadi ya mchango. Rafiki anaolewa, kamati inaundwa, mweka hazina anapatikana, na kuanzia hapo simu yako haipumui. Kadi ya mtu mmoja laki moja, ya wawili laki na nusu. Mwenzio mfukoni nilikuwa na elfu thelathini na tano, na kodi ya chumba ilikuwa inanitolea macho.

Ingekuwa harusi ya mtu mwingine ningeuchuna, siku zingepita. Lakini bibi harusi mwenyewe ndiye aliyenipokea Aprili ya mwaka 2019, siku mwenye nyumba wangu wa Sinza aliponitolea vyombo nje. Mvua inanyesha, godoro limelowa, saa nne usiku. Nikafika kwake nikagonga mlango. Akafungua, akanitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema: "Wewe na hodi wapi na wapi? Hapa hakuna hodi." Nikakaa kwake miezi saba. Hata siku moja hakuniuliza nitaondoka lini.

Sasa mtu kama huyo unamkwepa vipi? Mimi nilimkwepa. Siku kumi nzima sikupokea simu za mweka hazina. Halafu na simu za bibi harusi mwenyewe zikaacha kuingia. Hapo ndipo roho iliponiuma. Nikajua basi, shoga'angu kaninunia.

Jibu nililipata kwa kijana mmoja anayekata stika za bodaboda mtaani kwetu. Zamani alikuwa anakata kwa wembe, mgongo umepinda, herufi moja baada ya nyingine. Siku hizi kaka yake aliyeko Houston kamletea mashine, Cricut, ya kampuni ya kule Utah, Marekani. Ukiiona utadhani ni printa. Haitoi wino, ina kijiwembe kidogo kuliko ukucha. Kijiwembe kinakimbia kushoto na kulia, na magurudumu ya mpira yanaivuta karatasi mbele na nyuma. Hiyo tu. Kwa kwenda huku na huku inakata duara, ua, jina la mtu, chochote ulichokichora kwenye kompyuta au simu. Inalia kama nyenje.

Nikamwambia shida yangu: nataka picha ya ukutani, ya kitambaa, kama zile zinazouzwa kwa bei ya kukutoa machozi kwenye maduka ya Masaki, iwe na maneno HAPA HAKUNA HODI. Akanitazama. "Sista, kanvasi yenyewe unayo?" Sina. "Basi nenda kanunue marekani."

Hapo nikacheka peke yangu. Mashine ya Marekani na kitambaa marekani! Jina hilo la kitambaa si la bahati mbaya. Wafanyabiashara wa Salem, kule Massachusetts, walikuwa wanaleta majora ya pamba Unguja tangu kabla ya mkataba wa mwaka 1833 kati ya nchi yao na Sultani Seyyid Said, na kitambaa kikapewa jina la kwao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoikumba Marekani, mwaka 1861 mpaka 1865, biashara ile ikayumba. Jina likabaki, bibi zetu wakalishonea, na mimi nikalinunua mita mbili Kariakoo.

Nikulipe siri ya kitambaa hicho: kifue kwanza, kwa sababu kinaruka. Seremala alinitengenezea fremu ya mbao laini, sentimita 40 kwa 60, elfu sita baada ya kubembelezana. Kukiwamba usianzie kwenye kona. Piga pini moja katikati ya upande mmoja, vuta, piga katikati ya upande wa pili, halafu zile pande mbili nyingine, ndipo uende ukielekea kwenye kona kidogo kidogo. Ukigonga kwa kidole kilie kama ngoma. Kisha rangi ya maji mikono miwili, na msasa laini katikati. Usiruke msasa. Stika haipendi kitambaa chenye mabonde, inataka mahali laini. Mimi nilipaka njano, rangi ya embe dodo.

Jumatano jioni tukakata. Kitandiko cha mashine yake, kile chenye gundi ya kushikilia karatasi, kina inchi 12 tu kila upande, yaani kama sentimita 30, kwa hiyo kila neno tulilikata peke yake. Kwanza kijana akakata pembetatu ndogo ya majaribio pembeni. Wembe unatakiwa ukate plastiki na uache karatasi ya nyuma nzima. Ukizidi unakata mpaka kitandiko, ukipungua stika haitoki. Akarekebisha mara mbili, ikakubali.

Mpango ulikuwa huu: tunatoa herufi, tunabaki na karatasi yenye matundu ya herufi, tunaibandika juu ya kitambaa na kupaka rangi ya buluu kwenye matundu. Rahisi kama kunywa uji, siyo? Sasa itazame A. Itazame O, D, P. Herufi hizo zina matumbo! Vile vipande vya katikati lazima vibaki mahali pake, na havijashikwa na kitu. Kuna utepe maalumu wa kuhamishia stika, wetu ulikuwa umekwisha, tukatumia utepe wa karatasi wa wapaka rangi. Katika kubandua, matumbo matatu yakapotelea kusikojulikana. Moja nililiona keshoyake limeganda kwenye kisigino changu.

Ningesimama hapo ningekuwa na kosa moja. Sikusimama. Rangi ya buluu ya maji sikuwa nayo, ila nyumbani kulikuwa na kopo la rangi ya mafuta iliyobaki kwenye geti. Nikamkumbuka Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora hapa hapa Dar mwaka 1968, juu ya vibao vya dari, kwa rangi ya mafuta ya madukani, ile ya kupakia baiskeli. Leo mtindo wake watalii wanautafuta wenyewe. Nikajisemea: kama ilimtosha Tingatinga, mimi nani?

Nilichosahau ni kwamba Tingatinga alikuwa na mkono na brashi, hakuwa na stika. Rangi ile ilipenya chini ya plastiki kama panya chini ya mlango, na mpaka asubuhi ilikuwa haijakauka. Kilichosomeka ukutani kwangu alfajiri ya Alhamisi kilikuwa kama HAPA HAKUNA, halafu vidonge viwili vyeusi na mti. Nikakaa chini, nikalia. Kweli, nililia. Si kwa sababu ya kitambaa.

Kijana hakucheka. Alisema, "Sista, tugeuze." Na hapa, msomaji, toa kalamu. Badala ya kubandika karatasi yenye matundu, bandika herufi zenyewe! Kitambaa tayari kina njano. Unabandika herufi, unatoa matumbo yake na kuyatupa, hayana kazi. Unapaka buluu juu ya kila kitu, herufi na kitambaa, kama mtu anayepaka ukuta. Kisha unabandua herufi, na pale zilipokuwa inabaki njano ya chini. Hakuna cha kupotea.

Ila kabla ya buluu kuna jambo lililoniokoa, nalo ni bure kabisa. Paka kwanza ile ile njano ya chini kwenye kingo za stika, uiache ikauke. Kama kuna tundu la rangi kupenya, itakayopenya ni njano juu ya njano, na mlango unakuwa umefungwa. Buluu ikija haina pa kupita. Na ukibonyeza stika, weka vitabu viwili chini ya kitambaa, ndani ya fremu, la sivyo unabonyeza hewa. Mimi niliweka Biblia na kitabu cha simu cha zamani. (Wapo wanaotumia ile plastiki ya pasi, ya fulana. Nayo inashika vizuri kwenye kitambaa, lakini maandishi lazima yageuzwe kama kwenye kioo kabla ya kukata, na pasi isitoe mvuke. Siku nyingine.)

Seremala akaniazima stepla, nikawamba ile mita ya pili, nikapaka, nikasubiri. Saa moja usiku tukawasha mashine. HAPA ikatoka. HAKUNA ikafika kwenye K, giza! Luku yangu imekwisha. Salio la simu, halipo. Kijana akanunua uniti za elfu mbili kwa simu yake mwenyewe, mungu ambariki. Umeme ukarudi, lakini mashine haikukumbuka ilikuwa wapi, ikaanza moja, na kipande kile cha stika kikawa cha kutupa. Tulibaki na stika ya kutosha neno moja na nusu. Tukaipunguza HODI kidogo, ikaenea.

Kubandua nilibandua saa saba usiku, rangi ikiwa bado haijakauka sawasawa, maana ikikauka kabisa inameguka pamoja na stika. Vuta polepole, uilaze stika ijirudie mgongoni. Nilikwenda vizuri mpaka D. Kwenye D nilikuwa na usingizi, nikavuta haraka, ikamegeka ubavuni.

Ijumaa nikaenda. Kwao kumejaa shangazi na hina, na yeye mwenyewe kakaa mkekani, miguu mbele, hawezi kunyanyuka. Nilipiga hodi mlangoni kama mgeni. Akaninyoshea kidevu niingie. Nikaifungua kanga niliyoizungushia, nikaisimamisha mbele yake. Akasoma. Akasoma tena.

"Hii D imefanya nini?"

"Imeumwa na panya."

Akacheka, halafu macho yakajaa. Mimi nikaanza hotuba yangu ya mchango niliyoiandaa kwenye daladala. Akanikata.

"Nimekuuliza mchango, au nimekuuliza kwa nini hujaja kuchukua kadi?"

"Si uliacha kunipigia."

"Simu imeibwa Mbagala wiki iliyopita! Nimekutumia ujumbe kwa watu watatu, unajificha."

Sina la kusema, msomaji. Nilikaa mkekani nikapakwa hina na mimi.

Mchango nilimpelekea mweka hazina baada ya mwezi, elfu hamsini, akaandika kwenye daftari bila kuniangalia usoni. Na picha imetundikwa Kigamboni kwao, sebuleni, ukifungua mlango inakupokea. Tatizo ni kwamba mama mkwe anakaa nyumba ya tatu, na mama mkwe kusoma anajua. Anaingia saa kumi na mbili asubuhi, bila kugonga, akiulizwa anaonyesha ukutani. Juzi rafiki yangu kanipigia, kwa sauti ya chini, kuuliza kama yule kijana bado ana stika ya njano. Nafasi chini ya HODI anasema ipo, anataka tuongeze BAADA YA SAA TATU.