Eti maji ya kisima hayana bili

KIBARAZANI
Na Binti Gerezani

Wiki ya Maji ikifika, Machi 16 hadi 22, simu yangu hujaa mialiko. Kampuni ambazo mwaka mzima hazinikumbuki hata kwa kalenda, ghafla zinanijua kwa jina. Nyingi huwa nazikwepa. Ya wiki hii nilikwenda kwa sababu mhariri alisema gari lipo na chakula kipo, nanyi wa kibarazani mnajua ninavyokuwa mbele ya pilau nisiyoipika.

Kampuni yenyewe siitaji. Mhariri amenizuia, na mwanasheria wa gazeti amemzuia mhariri. Itoshe kusema ina kiwanda pembezoni mwa Dar es Salaam, ukuta mrefu, na kaulimbiu ya kutunza maji kwa ajili ya vizazi vijavyo, iliyochapwa kwenye fulana tulizogawiwa getini. Yangu ingemtosha mtoto wa darasa la nne, kwa hiyo kizazi kijacho kimeshapata chake.

Mara tu nilipoyaona mahema nikajua. Kanuni ya Mahema mnaikumbuka: yakizidi matatu, hakuna kazi itakayofanyika chini yake. Haya yalizidi kwa mbali, na viti vyake vilivishwa sketi.

Lakini mahema nimeshayazoea. Kilichonipandisha presha ni kijana mmoja aliyeshika mpira wa maji anaosha pevingi. Si kupiga deki mahali palipochafuka, la. Anaosha uwanja mzima, kuanzia getini hadi jukwaani, na mpira umefunguliwa mpaka mwisho. Maji yakakusanyika, yakatafuta mtaro, yakapenya chini ya ukuta, yakaenda zake. Nikamsogelea.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Maji yote haya ya nini?"

"Wamesema vumbi lisionekane, mama. Mgeni rasmi anaingia saa nne."

"Na mgao je? Si nimeambiwa huku bomba halitoi tangu juzi?"

Akacheka kwa heshima, kama vijana wanavyowacheka watu wazima wasiojua mambo. "Hayo ni ya DAWASA, mama. Haya ya kisima chetu. Hayana bili."

Simlaumu. Yule ni kibarua, kesho huenda asiitwe. Aliyemfundisha sentensi ile yupo ghorofani kwenye kiyoyozi, na ndiye aliyeidhinisha fulana yangu.

Basi nikaufuata ule mtaro. Wasomaji wa zamani mnajua nina ugonjwa wa kufuata mitaro, na kwamba mmoja uliwahi kunifikisha mlangoni kwa diwani. Huu ulinipeleka nje ya geti, ukapita mbele ya gati la maji la mtaa. Hapo madumu ya njano yalikuwa yamepanga foleni yenyewe, wenyewe wamekaa kivulini chini ya mwarobaini, wakisubiri bomba lianze kukohoa. Maji ya kiwanda yakapita pembeni ya madumu yale, yakiwa yameshachanganyika na oili na vipande vya mifuko. Hakuna aliyeyatazama. Watu walikuwa wameshayazoea, na hilo likaniudhi kuliko mpira wenyewe.

Mama lishe mmoja alikuwa ananunua maji kwa kijana wa guta, dumu shilingi mia tano. Nikamuuliza kama mtaani hakuna kisima. "Kipo," akasema, "zamani tulikuwa tunakunywa. Siku hizi dada yangu ukichemshia chai, unasikia chumvi kabla ya sukari."

Nikarudi ndani. Itifaki ilikuwa imezingatiwa. Meneja akazungumza, na kila jambo baya alilolitaja lilikuwa na mkosaji mmoja, mabadiliko ya tabianchi. Mito imepungua, tabianchi. Visima vimekauka, tabianchi. Kipaza sauti kilipokoroma nilidhani nacho angekisingizia. Mgeni rasmi akaja akarudia yaleyale kwa sauti nzito zaidi, kisha akaongozwa kwenda kupanda mti.

Mche ukatiwa shimoni, sasa unataka maji. Mpira ulikuwa umeshafichwa usiharibu picha. Msaidizi mmoja akaona mbali, akafungua chupa ya maji ya kunywa, akamkabidhi mgeni rasmi, naye akayamimina polepole huku anatabasamu. Mpiga picha mmoja akalalamika kwamba hakuwahi. Ikafunguliwa chupa ya pili.

Pilau nilikula. Lakini ilinikwama.

Tuelewane kabla hamjaanza kuniandikia. Sikatai kwamba mbingu zimebadilika. Mwaka 2022 vuli ilitutupa mkono, Mto Ruvu ukapungua, na mwezi Oktoba jiji likatangaziwa mgao. Uzalishaji uliokuwa kama lita milioni 466 kwa siku ulishuka hadi karibu milioni 300, katika jiji ambalo sensa ya mwaka huohuo ilihesabu watu milioni 5.38. Mwaka uliofuata, mwishoni, ikaja El Niño, na watu walewale waliokuwa wanalilia mvua wakawa wanahamisha magodoro. Hayo yote ni kweli.

Lakini tabianchi haikushika mpira ule. Haikuidhinisha kumwagia saruji maji safi katika wiki ambayo jirani wa ukuta wa pili ananunua kwa dumu. Kiangazi kikiwa kirefu, mwenye akili hupunguza. Sisi tumepata msamiati mpya wa kuendelea na ya zamani, kwa sababu ukishamlaumu aliye angani, hakuna atakayeandikiwa barua ya kujieleza.

Turudi kwenye hilo la bili, maana ndilo lililonikosesha usingizi. Ukame wa 1997 ndio uliolifundisha jiji hili kuchimba. Walioweza walichimba, na waliochimba hawajaacha. Kila hoteli, kila ukumbi, kila kituo cha kuoshea magari na kila kiwanda kina chake, na kila mmoja anasema "kisima chetu" kana kwamba chini kuna kuta. Chini hakuna kuta. Ni dafu moja lenye mirija mia, na mwenye mota kubwa ndiye anayekunywa. Tena dafu hili limekaa ufukweni. Maji baridi yaliyo ardhini ndiyo yanayoizuia bahari isiingie. Ukiyavuta kwa kasi kuliko mvua inavyoyarudisha, bahari inasogea taratibu chini ya nyumba zetu, na chumvi ikishaingia kisimani haitoki kwa maombi. Halafu uwanja wote, palipokuwa na mchanga wa kunywa mvua, tumepaziba kwa pevingi, kisha tunaziosha.

Kwa hiyo bili ipo. Mama lishe anailipa, mia tano mia tano.

Na kisheria pia ipo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji, Na. 11 ya 2009, inasema maji yote ya Tanzania Bara ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kuwa na kiwanja hakukupi umiliki wa kilicho chini yake. Anayetaka kuvuta maji kwa biashara anatakiwa awe na kibali cha bodi ya bonde, ambayo kwa Dar es Salaam ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na alipe ada ya kuyatumia. Sasa niambieni, nani kati yenu amewahi kukiona kibali hicho kikining'inia mahali? Ukiingia dukani kwa Mpemba wa Mchikichini utaona picha ya Rais, leseni ya biashara, cheti cha TIN, na tangazo la kukopa harusi ukalipie matanga. Muuza sukari ya robo kilo anabandika karatasi zake zote ukutani. Mwenye mota inayovuta usiku kucha habandiki kitu.

Kuna watakaoniambia biashara zinajitahidi. Zipo zinazojitahidi, nazo zinajulikana kwa kuhesabu. Kiwanda makini kinajua lita ngapi za maji zimeingia kwa kila lita ya kinywaji iliyotoka, na maji yaliyosuuza chupa hayamwagwi, yanasafishwa yanaosha sakafu. Hawa hawahitaji mahema. Wanahitaji mita na fundi anayeisoma.

Tena mfano mzuri kuliko wote tunao wenyewe, kule Milima ya Uluguru, ambako Ruvu inazaliwa. Wakoloni waliona udongo unaporomoka wakawalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi bila kuwalipa wala kuwasikiliza. Mwaka 1955 watu wa Matombo wakachoka, zikazuka ghasia, mpango ukafa. Miaka hamsini baadaye, kwenye vijiji vya Kibungo, mashirika ya CARE na WWF yakaleta wazo lililokuwa na adabu zaidi: wanaokunywa maji huku chini wamlipe anayeyatunza kule juu. Shirika la maji la Dar es Salaam la wakati ule, DAWASCO, na kiwanda cha Coca-Cola Kwanza wakakubali kutoa fedha, wakulima wakachimba matuta na kupanda miti, kwa hiari na kwa malipo. Kazi ileile ya jembe iliyozusha ghasia 1955. Tofauti ni kwamba safari hii mwenye kiu alitoa pochi.

Hiyo ndiyo maana ya kuwajibika. Mkulima wa Kibungo alijua nani anakunywa na analipa nini. Mama lishe wangu hajui lolote kuhusu jirani yake wa ukutani zaidi ya rangi ya geti.

Najua jirani yangu wa simtanki anasoma hapa anatabasamu, akidhani leo amesalimika. Hujasalimika. Wewe uliyefunga mota kwenye bomba la mtaa, ukiiwasha sisi wengine tunabaki tunasikiliza upepo, na siku simtanki zako zikifurika unaacha zimwagike mpaka ujisikie kuamka, wewe ni kiwanda kidogo kisicho na fulana. Na mtaa wetu mzima una hatia ya lile bomba lililopasuka karibu na msikiti. Kila mtu alikuwa anaruka dimbwi akidhani mwenzake ameshapiga simu. Jamii inayosubiri mwenzake apige simu haina haki ya kumnyooshea meneja kidole kirefu sana. Lakini kifupi ninacho, na kinatosha.

Wakubwa wataniambia nisubiri Bwawa la Kidunda. Mkataba wa kulijenga ulisainiwa Novemba 2022, na likijaa litashika lita bilioni 190. Nalingoja kwa hamu kuliko hata wahandisi wake. Lakini bwawa halimfundishi mtu kufunga mpira. Ukimpa mwenye kuosha pevingi maji mara mbili, ataosha na ukuta.

Dawa yangu ni ya bei nafuu kuliko bwawa, na kuliko hata mahema ya juzi. Cape Town walipokaribia kukaukiwa mwaka 2018, kila mtu alipangiwa lita 50 kwa siku, na jiji likaweka hadharani ramani inayoonyesha nyumba zinazotumia kwa kiasi. Watu walinung'unika kwamba wanaanikwa. Ndiyo, walianikwa, wakapunguza. Mtanzania naye anaogopa mambo mawili duniani, mama mkwe na kuanikwa, na la pili halihitaji mahari.

Basi kila kampuni yenye kisima ibandike karatasi moja getini, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka kutoka foleni ya madumu: namba ya kibali chake, lita inazoruhusiwa kuvuta, na lita ilizovuta mwezi uliopita. Bodi ya bonde ipite kulinganisha karatasi na mita. Serikali ya mtaa isome hesabu hiyo kwenye mkutano wa wananchi, baada ya mapato na matumizi na kabla watu hawajaanza kusinzia. Mwenye kuvuta kwa haki hatapata hasara yoyote zaidi ya bei ya gundi.

Na mpaka hapo itakapokuwa hivyo, kampuni isiyothubutu kuandika lita zake getini isinialike tena kwenye Wiki ya Maji. Mti wenu mwagilieni wenyewe, kwa maji ya mtaroni. Na wewe msomaji, kesho ukipita kwenye geti la kiwanda kilicho karibu nawe, simama umuulize mlinzi: mnavuta lita ngapi hapa? Akisema hajui, mwambie akamuulize aliye ghorofani. Ukirudi keshokutwa, uliza tena.