Majumba ya Mji: Kipande House, Nairobi

Mtu atembeaye Kenyatta Avenue mjini Nairobi, afikapo penye pembe ya Loita Street, huiona nyumba ya kale ya mawe iliyosongwa na majumba marefu ya siku hizi. Watu huingia humo na kutoka kwa shughuli za fedha, kwa kuwa ndani yake mna benki. Jina lake ni Kipande House, na wengi wapitao mlangoni hawaulizi jina hilo limetoka wapi.

Nyumba hii ilijengwa mwaka 1913, na aliyeichora ramani yake alikuwa Mhindi, Gurdit Singh. Ilikusudiwa kuwa ghala ya kuwekea mali, maana siku hizo reli ilipita karibu na mahali hapo. Mji wenyewe ulikuwa ungali mchanga, reli ilifika mwaka 1899 tu, na mabati yalikuwa mengi kuliko mawe. Basi jengo la namna hii lilikuwa fahari. Hata mwaka 1935 hapakuwa na jingine mjini lililolipita kwa urefu.

Lakini si urefu wala mawe yaliyoipa nyumba hii sifa. Mwaka 1915 ilitungwa sheria ya kuwaandikisha Waafrika, nayo ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu kwisha, tangu mwishoni mwa mwaka 1919. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimia miaka 16 alipaswa kuwa na cheti chenye jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake. Mjini Nairobi ghala ile ikawa ndipo mahali pa kuandikishwa, na jina la cheti likahamia kwenye nyumba.

Karani yeyote ajua kwamba daftari iliyotunzwa vema ni msaada mkubwa. Kipande hakikuwa daftari ya namna hiyo. Mwenyewe alikichukua, lakini maneno yaliyokuwamo yaliandikwa na wengine: tajiri aliyemwajiri, siku aliyoanza kazi, mshahara wake, na siku aliyoachishwa. Hapo ndipo palipokuwa na shida. Mtu aliyetaka kuondoka ilimlazimu tajiri wake atie sahihi. Asipotia, mtu huyo hakuweza kuandikwa kazi kwingine kwa halali, na akionekana njiani alihesabiwa kuwa mtoro. Mshahara wa zamani nao ulisomwa na tajiri mpya, ambaye hakuona sababu ya kutoa zaidi. Na aliyekamatwa bila kipande alitozwa faini au kufungwa.

Karatasi hiyo ilitiwa katika kikopo kidogo cha chuma, kikavaliwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele ya mbuzi, na jina hilo lasema kila kitu. Mwaka 1921 Harry Thuku na wenzake walikitaja kipande miongoni mwa malalamiko yao, pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara. Thuku alikamatwa mwezi Machi 1922, na watu waliokusanyika kudai aachiliwe wakapigwa risasi.

Mwaka 1947 ilikuja sheria nyingine, ya kuwaandikisha watu wa mataifa yote. Ndipo Wazungu wengi walipolalamika kwamba kutiwa alama za vidole ni kuvunjiwa heshima. Waafrika walikuwa wamekwisha kuzitoa alama hizo kwa muda wa miaka 27 na zaidi. Wanawake hawakuingizwa katika kuandikishwa hadi mwaka 1978, nchi ikiwa imekwisha kujitawala.

Nyumba yenyewe ilinunuliwa mwaka 1976 na Kenya Commercial Bank, na sasa imehesabiwa kuwa miongoni mwa majengo ya kumbukumbu ya taifa. Benki imeliacha jina la zamani mahali pake. Na mteja afikapo dirishani kutoa fedha zake, huulizwa kwanza kitambulisho, ambacho Wakenya wengi hata leo hukiita kipande.