Arusi ya Jumamosi na Mpiga Muziki wa Jumatano



Juma hili nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengine wataliona kuwa dogo, nalo ni kumtafuta mpiga muziki wa arusi wakati siku zimekwisha. Vijana humwita DJ, jina lililotoka kwa watu wa redio wa Marekani, maana yake mwendesha sahani za muziki. Siku hizi sahani hazionekani tena; nyimbo zote zimo ndani ya kompyuta. Lakini kazi ni ile ile, na taabu ya kumkosa mwenye kazi hiyo ni kubwa, kama nilivyojionea mwenyewe hapa Lubumbashi.

Jirani yangu mmoja wa Katuba alikuwa akimwoza binti yake. Mahari ilikuwa imekwisha kutolewa, matangazo ya ndoa yamesomwa kanisani, ukumbi umelipiwa, mbuzi wamefungwa nyuma ya nyumba. Jumatano jioni mpiga muziki akatuma ujumbe katika simu: hatakuja. Amepata karamu nyingine ya mtu tajiri, nayo ni Jumamosi hiyo hiyo.

Baba wa binti alikasirika mno, akamwita kijana yule mwongo. Mimi nilinyamaza, kwa maana nilikuwa na sababu ya kunyamaza. Kijana yule alikuwa mwanafunzi wangu zamani, na mimi ndiye niliyempeleka katika nyumba ile. Baba alipotaka kumpa arabuni na kuandika karatasi, nilimzuia, nikisema: “Karatasi ya nini, ndugu yangu? Huyu ni mtoto wetu.” Basi kijana akaondoka na neno tupu, bila franka moja mkononi. Miezi miwili ikapita. Hakuna aliyemwuliza habari, hakuna aliyemwambia saa ya kuanza. Yeye ana bibi na watoto wa kulisha. Mtu mwingine alipomtolea feza, akaenda. Alikosa, wala simtetei: ahadi ni deni. Lakini na sisi tulikosa. Tulimwita mtoto wetu ili tusimlipe kama fundi.

Usiku ule baba akawaza mambo mawili. La kwanza, kuwaficha wakwe habari hiyo, asije akaaibika. La pili, kuchukua feza walizowekewa maarusi kwa kupanga nyumba yao, akamlipe mpiga muziki mmoja mwenye sifa mjini, ambaye alipandisha bei mara mbili mara aliposikia kwamba arusi ni Jumamosi. Binti akayasikia maneno hayo. Akapiga magoti mbele ya baba yake, akasema: “Baba, muziki ni wa usiku mmoja, nyumba ni ya kila siku. Tukikosa muziki, tutacheza kwa makofi.”

Baba akanitazama, akaniuliza: “Mwalimu, unasemaje?” Nilikumbuka arusi ya Kana. Divai ilipopungua, Bikira Maria hakumlaumu mtu wala hakuificha aibu ya wenye nyumba. Aliona mapema, akasema waziwazi kwa Yule aliyeweza kusaidia. Nikamshauri baba afanye vivyo hivyo: awaambie wakwe kweli yote usiku ule ule. Nikakiri pia mbele ya wote kwamba shauri la kutokuandika karatasi lilikuwa langu.

Wakwe hawakucheka. Mjomba wa bwana arusi akamtaja kijana mmoja anayeangalia vipaza sauti vya sikukuu za vijana katika parokia yao. Alhamisi asubuhi tukamwita. Safari hii tulimwuliza maswali, nami nayaandika hapa kwa faida ya jamaa nyingine.

Kwanza, vyombo. Ni vyake au ni vya kukodi? Kama ni vya kukodi, mwenye vyombo amekubali? Tukaenda naye ukumbini, akavijaribu pale pale, kwa maana chombo kinachosikika vizuri chumbani huweza kupotea katika ukumbi mkubwa. Tukauliza pia kama nyimbo zake zimewekwa mahali pawili, ili kompyuta ikizimika arusi isizimike nayo.

Pili, umeme. Sisi wa Lubumbashi twajua jinsi unavyokatika. Nani analeta mashini ya umeme, na nani ananunua mafuta? Karamu nyingi zimeharibika kwa sababu kila mmoja alidhani mafuta ni kazi ya mwenzake.

Tatu, nyimbo. Mpeni orodha fupi: wimbo wa kuwaingiza maarusi, wimbo wa keki, wimbo wa zawadi, na nyimbo za wazee. Msiwasahau wazee, rumba yao iliandikwa na UNESCO mwaka 2021 katika urithi wa wanadamu wote, basi haifai kufukuzwa katika arusi za kwetu. Mwambieni pia nyimbo msizozitaka, zile zenye maneno ambayo baba hawezi kuyasikia akiwa pamoja na binti zake.

Nne, saa. Aanze saa ngapi, amalize saa ngapi? Majirani wana wagonjwa na watoto wachanga, na kesho yake ni Dominika.

Tano, feza. Tulipatana bei, nusu tukampa siku ile ile, nusu tukaahidi kumpa kazi itakapokwisha, pamoja na nauli na chakula chake. Yote tukayaandika katika karatasi moja, pande mbili zikatia sahihi mbele ya mashahidi. Sheria ya mapatano ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo ingali inatumika katika nchi yetu, yafundisha katika kifungu cha 33 kwamba mapatano ya halali ni sheria kwa wale waliopatana. Wengi hudhani karatasi ni dalili ya kutokuaminiana. Sivyo. Karatasi huwakumbusha marafiki maneno yao, ili urafiki usivunjike.

Juu ya bei, nawakumbusha neno moja la Papa Leo XIII katika barua yake Rerum Novarum ya mwaka 1891. Alifundisha kwamba mfanyakazi anapokubali ujira mdogo kwa kubanwa na shida tu, anaonewa, hata kama yeye mwenyewe amesema ndiyo. Nadhani twaweza kuligeuza fundisho hilo upande wa pili pia. Anayekuja kwa haraka ya siku mbili astahili kulipwa zaidi kidogo, kwa kuwa anaacha shughuli zake. Lakini anayepandisha bei mara mbili kwa sababu tu amemwona mwenzake katika shida, huyo anauza shida ya mwenzake.

Arusi ilikwenda vizuri, ingawa si bila mashaka. Umeme ulikatika mapema, na mashini ikakataa kuwaka kwa muda. Kabla watu hawajaanza kunung’unika, mama wa kwaya wakasimama, ngoma ikapigwa, wakaimba. Wazee wa Katanga hawakushangaa. Mwaka 1958 huko Kamina, kwaya ya Padri Guido Haazen iliimba Misa nzima, Missa Luba, kwa sauti na ngoma, na sifa yake ikafika ng’ambo. Mashini ilipowaka, watu wengine walisikitika kwamba mama wale wameketi. Usiku ulipokwisha tulimlipa kijana ile nusu iliyobaki mbele ya mashahidi wale wale. Maarusi wakaingia katika nyumba yao, na kodi yake imelipwa.

Jumatatu jioni mwanafunzi wangu wa zamani akabisha hodi kwangu. Hakutaka kuketi. Alisema: “Mwalimu, nilingoja mniite tena. Nilipoona kimya, nikadhani mmepata mwingine, tena mmeona haya kuniambia.” Nilikuwa nimemwekea maneno makali tangu Jumatano. Nilimwambia moja tu, kwamba angalitupasha habari mapema, naye akaitikia kwamba ni kweli. Kisha nikamwomba msamaha kwa upande wangu, nikamvutia kiti.

Baba na mama wapendwa, kama mnayo arusi mwaka huu, mwiteni mpiga muziki wenu leo. Hata akiwa mtoto wa dada yako, mpe arabuni yake na karatasi yake.

Kwaherini, hata juma lijalo.