Bustani ya Ahabu na Gunia la Mpangaji



Wapendwa, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, mfalme Ahabu alitamani shamba la mizabibu la Nabothi ili alifanye bustani ya mboga. Alikuwa na nchi nzima, lakini damu ya jirani ikamwagika kwa sababu ya mboga!

Tumeikumbuka habari hiyo kwa ajili ya ndugu zetu wapangaji hapa Mkula, wasio na hata hatua tatu za ardhi. Mama mmoja alitueleza kwamba husali jumuiya nyumbani kwa wenzake tu. Kwake hajaikaribisha, maana hana cha kuandaa.

Mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi nchini Kenya, shirika la Kifaransa Solidarités liliwasaidia wakazi wa Kibera, Nairobi, kulima mboga katika magunia. Kazi yenyewe si ngumu. Kopo lisilo na kitako huwekwa katikati ya gunia na kujazwa kokoto, na kulizunguka hutiwa udongo wenye samadi. Kopo huvutwa juu kidogo kidogo mpaka gunia lijae, na nguzo ya kokoto hubaki ndani ikipitisha maji hadi chini. Ubavu hutobolewa, ikapandwa sukuma wiki na mchicha, juu vitunguu. Udongo wetu mweusi wa mbuga, ambao hukaza na kupasuka, sharti uchanganywe na mchanga.

Tusidanganyane: gunia halitoi ugali, na kiangazi lataka maji mara kwa mara. Yaliyooshea mboga yanafaa. Ya sabuni tuyaache. Lakini mpangaji akihama, huweza kuanza tena kwa gunia jipya, wala hamwombi mwenye nyumba kiwanja.

Anachokosa ni samadi. Mazizi yetu yamejaa, nasi twaiacha mpaka mvua iisombe. Kisha twajiita wakarimu kwa sababu tulichanga unga wakati wa Kwaresima. Kwa maoni yetu, toroli moja ya samadi kutoka kwa kila mwenye ng'ombe ingemfaa mama yule kuliko debe la unga, kwani siku ya zamu yake angewaandalia wanajumuiya mboga iliyoota mlangoni pake.

Jumamosi tutaanza na wapangaji walio karibu na soko. Wenye matoroli waje nayo, na yasije matupu.