Singidani si Coco Beach, na haihitaji kuwa

Utalii wa mjini ukitajwa, wengi wetu Singida hutazama pwani: Dar es Salaam ina Makumbusho ya Taifa na Coco Beach, Zanzibar ina Mji Mkongwe ulioingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2000, sisi tuna nini zaidi ya alizeti na kuku? Tuna Ziwa Singidani, mlangoni kabisa mwa mji, na majabali ya matale yaliyobebana kandokando, pimbi wakiota jua juu yake. Ziwa hili halina mto wa kulitoa maji. Hukauka kwa jua tu, chumvi ikabaki, na maji ya namna hiyo ndiyo huotesha vijimea vinavyowalisha flamingo. Atasema mtu hakuna mgeni atakayeiacha Serengeti aje kutazama mawe. Kweli, na tusimdanganye mwekezaji. Lakini mteja wetu tayari yuko barabarani, kati ya Dodoma na Mwanza. Wa basi, sawa, ana dakika za kununulia kuku dirishani tu. Mwenye gari dogo ndiye wa kutegwa, kwa kivuli, choo safi na njia ya miguu hadi majini. Hayo hayahitaji hoteli ya ghorofa. Yanahitaji mwambao uliolindwa kwanza, kwa sababu jabali lililopasuliwa kokoto halirudi, na taka zikishaingia kwenye ziwa lisilo na pa kutokea, zitakaa humo humo na flamingo watahamia kwingine.